Mfereji ni wa wote, faida ni ya mwenye chombo

WAFANYABIASHARA wengi wanaoagiza bidhaa kutoka ng'ambo wana mazoea ya kuitazama bahari kama mtu anavyotazama ramani ya barabara. Njia fupi huhesabiwa kuwa njia rahisi, na mfereji unaofupisha safari huchukuliwa kuwa neema kwa kila mwenye shehena. Historia ya biashara ya baharini haikubaliani na hesabu hiyo. Mifereji mikubwa miwili ya dunia, Suez uliofunguliwa mwaka 1869 na Panama uliofunguliwa mwaka 1914, ilibadili njia za meli kweli kweli, lakini faida yake haikugawanywa kwa usawa. Ilikwenda kwa waliokuwa na vyombo vinavyoweza kupita. Wengine wote, wakiwamo wenye ardhi iliyochimbwa, walilipishwa.

Jambo hili linastahili kukumbushwa kwa sababu tangu mwishoni mwa mwaka 2023, meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu, waagizaji wengi wa Afrika Mashariki wameshangaa kuona nauli zikipanda hata kwa mizigo ambayo haina uhusiano wowote na Suez. Mshangao huo ungepungua kama somo la miaka 150 iliyopita lingezingatiwa.

Chai na upepo

Kabla ya Suez, biashara kati ya Ulaya na Asia ilipita Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika, na ilikwenda kwa matanga. Njia ya merikebu haikuwa mstari ulionyooka. Nahodha alifuata upepo, hata kama ulimzungusha mbali. Merikebu iliyotoka Uingereza kwenda Asia iliteremka Atlantiki hadi karibu na pwani ya Brazil kabla ya kugeukia mashariki, kwa kuwa huko ndiko upepo ulikoipeleka. Bandari zilizositawi ni zile zilizokuwa kwenye mkondo wa pepo hizo.

Kilele cha biashara hiyo kilikuwa merikebu za mbio zilizoitwa klipa, zilizobeba chai ya China. Mwaka 1866 klipa kadhaa ziliondoka Foochow mwishoni mwa Mei. Baada ya safari ya siku 99, tatu kati yake, Taeping, Ariel na Serica, ziliingia London siku moja, Septemba 6. Taeping iliitangulia Ariel kufunga gatini kwa dakika 28 tu. Magazeti ya Uingereza yaliandika habari hizo kama yanavyoandika mashindano ya farasi.

Wanaosimulia kisa hicho huishia hapo. Mwenye jicho la biashara huona mambo mawili zaidi. Kwanza, chai nyingi ilifika sokoni kwa mkupuo, na bei ikayumba. Zawadi ya shilingi 10 kwa kila tani, iliyowekwa kwa merikebu itakayotangulia, ikabidi igawanywe kati ya Taeping na Ariel. Pili, msimu huohuo meli ya Erl King, iliyotumia mvuke pamoja na matanga, ilitoka Foochow baada ya klipa kuondoka na ikafika London katika siku 77, ikipita Rasi ileile. Kwa hiyo matanga yalikuwa yamekwisha kupata mpinzani miaka mitatu kabla ya Suez kufunguliwa.

Hesabu ya makaa

Udhaifu wa meli ya mvuke wakati huo haukuwa mwendo. Ulikuwa makaa ya mawe. Injini za zamani zilikula makaa mengi kiasi kwamba katika safari ndefu sehemu kubwa ya meli ilijazwa makaa, na shehena ikapata nafasi ndogo. Mwenye meli hulipwa kwa shehena, halipwi kwa makaa anayoyachoma.

Alfred Holt wa Liverpool alipata ufumbuzi. Mwaka 1866 aliingiza baharini meli ya Agamemnon, iliyokuwa na injini inayoutumia mvuke uleule mara mbili, kwanza kwa shinikizo kubwa kisha kwa shinikizo dogo. Matumizi ya makaa yalipungua sana. Meli zake ziliweza kutoka Liverpool hadi Mauritius bila kusimama njiani kuongeza makaa.

Mfereji wa Suez ulifunguliwa Novemba 17, 1869 baada ya miaka 10 ya kazi chini ya kampuni ya Mfaransa Ferdinand de Lesseps. Safari ya London hadi Bombay, iliyokuwa zaidi ya kilomita 19,000 kwa kupita Rasi, ikapungua na kuwa kiasi cha kilomita 11,600. Njiani kulikuwa na vituo vya makaa kama Gibraltar, Malta, Port Said na Aden. Meli ya mvuke sasa ingeweza kubeba makaa kidogo na shehena nyingi.

Merikebu ya matanga haikupata chochote katika upunguzo huo. Katika sehemu ya kaskazini ya Bahari ya Shamu upepo huvuma kutoka kaskazini takriban mwaka mzima, kwa hiyo merikebu inayorudi Ulaya hukutana nao usoni. Bahari yenyewe ni nyembamba na ina miamba pande zote mbili, hivyo nafasi ya kwenda kombo ni ndogo. Ndani ya mfereji merikebu haikuweza kutumia matanga, ilibidi ivutwe na tishari, na kuvutwa kulilipiwa. Mlango ulikuwa wazi kwa bendera zote, lakini aina moja ya chombo ilibaki nje.

Mfano unaofahamika zaidi ni wa klipa Cutty Sark, ambayo leo ni jumba la makumbusho huko Greenwich. Ilishushwa majini huko Dumbarton, Scotland, Novemba 22, 1869, siku tano tu baada ya mfereji kufunguliwa. Ilijengwa kwa ajili ya chai ya China, na ilipofika mwisho wa miaka ya 1870 ilikuwa imekwisha kutolewa katika biashara hiyo. Mwenye mali aliyeweka fedha zake humo hakukosea kuhusu ubora wa chombo. Alikosea kuhusu njia.

Matanga yahamia kwingine

Ingekuwa kosa kusema kwamba Suez iliua matanga. Iliyafukuza kutoka njia moja, nayo yakahamia kwenye njia ambazo meli ya mvuke bado ilishindwa kujilipa. Cutty Sark ikaenda kubeba sufu ya Australia, na mwaka 1885 ikatoka Sydney hadi Uingereza katika siku 73. Merikebu nyingine zikabeba ngano ya California, juti ya Calcutta na naitreti ya Chile, bidhaa ambazo hazina haraka na ambazo faida yake iko katika nauli ndogo.

La kushangaza zaidi ni kwamba matanga yalipata kazi ya kuwalisha wapinzani wake. Makaa ya Wales yaliyohitajika katika vituo vya mbali yalipelekwa kwa sehemu kubwa na merikebu za matanga, ambazo hazikuchoma makaa hata kipande kimoja njiani. Meli ya mvuke ilijivunia mwendo wake huku chakula chake kikiletwa na jirani aliyedhaniwa kuwa amekufa. Ndivyo biashara ilivyo. Chombo cha zamani hudumu kwa muda wote ambao gharama yake iko chini ya ile ya chombo kipya katika kazi fulani.

Waliolipa gharama

Suez ilikuwa na waathirika wake. Kisiwa cha St Helena, katika Atlantiki ya kusini, kiliishi kwa kuuza maji, mboga na nyama kwa merikebu zilizotoka Asia. Mwaka 1855 zilipita hapo merikebu 1,100. Mwaka 1889 zilikuwa 288. Hakuna aliyekinyang'anya kisiwa hicho chochote. Njia ilihama, na soko likahama nayo.

Hata kampuni kubwa ya P&O ya Uingereza iliumia. Ilikuwa imewekeza katika utaratibu wa zamani, ambapo abiria na barua walishuka Alexandria, wakavuka Misri kwa nchi kavu na kupanda meli nyingine Suez. Siku mfereji ulipofunguliwa, meli zake nyingi hazikufaa kwa njia mpya, na ilibidi inunue nyingine kwa gharama kubwa.

Aliyeumia kuliko wote ni mwenye nyumba. Misri ilitoa ardhi, ikatoa maelfu ya wakulima walioshurutishwa kuchimba, na ikanunua hisa nyingi kwa fedha za mkopo. Madeni yalipoibana, mwaka 1875 Khedive Ismail aliuza hisa zake 176,602 kwa serikali ya Uingereza kwa takriban pauni milioni nne. Mwaka 1880 Misri ikauza hata haki yake ya asilimia 15 ya faida. Miaka miwili baadaye majeshi ya Uingereza yaliingia nchini. Wakati huo karibu robo tatu au zaidi ya meli zilizopita mferejini zilikuwa za Waingereza. Misri ilikaa kando ya maji yake ikihesabu meli za wengine hadi Julai 26, 1956, Rais Gamal Abdel Nasser alipoutaifisha mfereji.

Pwani ya Kiswahili

Mabadiliko hayo yaliifikia Zanzibar mapema. Kwa karne nyingi biashara ya pwani hii ilikuwa imepangwa na pepo mbili. Kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi, kuanzia Aprili, iliyarudisha. Mfanyabiashara wa Lamu, Mombasa au Unguja alijua mwezi ambao mali ingefika na mwezi ambao deni lingelipwa.

Wageni kutoka mbali nao walifuata upepo. Wamarekani wa Salem, Massachusetts, walifunga mkataba na Sayyid Said mwaka 1833 na kuweka konseli Zanzibar mwaka 1837. Walipita Rasi kwa matanga wakileta kitambaa cha pamba, kile kilichobaki na jina la merekani hadi leo, wakaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, viliivuruga biashara hiyo. Suez na meli za mvuke zikawapa nafasi washindani waliokuwa karibu zaidi kwa njia mpya.

Mwaka 1872 kampuni ya British India ya Mskoti William Mackinnon ilianza huduma ya meli za barua kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar, kwa ruzuku ya serikali ya Uingereza. Kwa mara ya kwanza mali na barua zilifika bila kungoja kaskazi. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulifika kutoka Aden, na bei ya karafuu au pembe huko London ikaweza kujulikana Unguja baada ya muda mfupi badala ya miezi. Mwaka 1890 Wajerumani nao walianzisha kampuni yao ya meli za Afrika Mashariki.

Sultani Barghash bin Said alilielewa jambo hilo haraka kuliko watawala wengi wa wakati wake. Kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeharibu merikebu zake pamoja na mikarafuu mingi ya Unguja. Hakujenga upya matanga yaleyale. Alinunua meli za mvuke, nazo zikabeba shehena na abiria kati ya Zanzibar na Bombay. Kwa maneno mengine, hakuridhika kuwa na bandari nzuri huku nauli ikipangwa na mtu mwingine. Kwamba siasa za mataifa ya Ulaya zilimshinda baadaye hakuondoi usahihi wa hesabu yake ya kibiashara.

Majahazi nayo, kama klipa, hayakufa. Yaliachia barua, abiria wa daraja la juu na bidhaa za haraka, yakabaki na tende, chumvi, samaki wakavu na boriti za mikoko. Baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, aliposafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939 hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, miaka 70 ilikuwa imepita tangu Suez kufunguliwa, na biashara hiyo ilikuwa ingali hai.

Panama na pigo la pili

Mfereji wa Panama, uliofunguliwa Agosti 15, 1914, uliyapiga matanga katika kimbilio lake la mwisho. Safari ya New York hadi San Francisco kwa kuzunguka Rasi ya Horn, kiasi cha maili 13,000 za baharini, ilipungua hadi zaidi kidogo ya 5,000. Bandari ya Valparaíso nchini Chile, ambayo ilikuwa kituo kikuu cha waliozunguka Horn, ilipoteza nafasi yake. Wajerumani walipofaulu kutengeneza naitreti viwandani, shehena iliyoziweka hai merikebu kubwa za chuma ikapungua. Ya mwisho kuzunguka Horn ikiwa na shehena ya biashara kwa matanga matupu ilikuwa Pamir, mwaka 1949. Ilizama mwaka 1957 na kuua mabaharia 80.

Mlango unapofungwa

Iko hoja kwamba mambo hayo ni ya kale, na kwamba meli za leo zinapita popote. Hoja hiyo inapingwa na matukio yenyewe. Vita vya Juni 1967 viliufunga Suez kwa miaka minane, hadi Juni 5, 1975. Aden, iliyokuwa miongoni mwa bandari zenye shughuli nyingi sana za kuuza mafuta kwa meli, iliporomoka. Wenye fedha hawakukaa kulia. Walijenga meli za mafuta kubwa mno, na kuanzia mwaka 1968 ziliingia kazini zenye uwezo wa zaidi ya tani 300,000, ambazo hazikuhitaji mfereji kwa sababu ukubwa wake uliifanya njia ya Rasi ijilipe. Kwa mara nyingine chombo ndicho kilichochagua njia.

Machi 23, 2021 meli ya makontena Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama mferejini na kuziba njia kwa siku sita. Baada ya kunasuliwa, mwenye meli alitumia sheria ya zamani ya bahari inayowataka wote wenye mali melini kuchangia gharama za kuiokoa. Mwenye kontena aliyekuwa na bima aliiachia kampuni yake ishughulikie. Asiye na bima alitakiwa kutoa dhamana kabla ya kupewa mzigo wake, ingawa hakuwa na kosa lolote.

Mwaka 2023 ukame ulipunguza maji ya ziwa linalolisha Panama, na idadi ya meli kwa siku ikashushwa kutoka kawaida ya 36 hivi hadi 22 ilipofika Desemba. Mwezi huohuo kampuni kubwa za makontena zilianza kuihama Bahari ya Shamu kwa kuhofia mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen, na kurudi kwenye Rasi ya Tumaini Jema, njia ya klipa. Safari ya Asia hadi Ulaya ya kaskazini iliongezeka kwa siku 10 hadi 14. Mapato ya Misri kutokana na mfereji, yaliyokuwa zaidi ya dola bilioni 10 mwaka 2023, yalishuka hadi kiasi cha dola bilioni nne mwaka 2024.

Sasa linaeleweka lile lililowashangaza waagizaji wa Dar es Salaam na Mombasa. Bidhaa za China na India kuja hapa hazipiti Suez. Lakini meli na makontena ni mali ya kampuni chache, zinazoyapeleka kwenye malipo makubwa. Safari za Ulaya ziliporefuka, meli nyingi zaidi zilihitajika kwa kazi ileile, na uhaba huo ukaonekana katika nauli za njia nyingine pia.

La kufanya

Nchi za Afrika Mashariki haziwezi kuamua nini kipite Bab el Mandeb. Zinaweza kuamua mambo madogo yenye uzito. La kwanza ni mkataba. Mwagizaji anayenunua kwa bei inayojumuisha nauli na bima amemwachia muuzaji wa ng'ambo achague meli, njia na kampuni ya bima. Inafaa walau vyama vya wafanyabiashara viunganishe shehena za wanachama wao na kuzijadili nauli kwa pamoja, badala ya kila mmoja kwenda na kontena lake moja.

La pili ni bima. Kisa cha Ever Given kinatosha kumwonyesha mwenye duka la vipuri kwamba bima ya bahari haihusu kuzama peke yake.

La tatu ni vyombo. Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia ziliwahi kuunda kampuni ya pamoja ya meli mwaka 1966, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa imekwisha. Kampuni ya ubia ya China na Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilidumu. Tofauti hiyo ingechunguzwa kwa makini kabla ya serikali yoyote kutangaza tena mpango wa meli za taifa. Kununua meli kwa ajili ya bendera ni hasara. Kilicho ndani ya uwezo ni meli ndogo za mwambao, zinazounganisha Mtwara, Dar es Salaam, Zanzibar, Tanga, Mombasa na Lamu, ambako kampuni kubwa hazina haja ya kushindana na ambako malori hubeba mizigo kwa gharama kubwa.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Fedha nyingi za umma zimetumika kupanua magati na kuongeza kina cha bandari, na kazi hiyo ilihitajika. Lakini gati ni mlango tu. Misri ilikuwa na mlango bora kuliko wote duniani, na kwa miaka 80 haikuwa na sauti juu ya nauli ya kitu chochote kilichopita ndani yake.